Sanduku Lisiloimba

Spika ya inchi 10 ikiwekwa mezani bila sanduku, ikaunganishwa na amplifaya na kupigiwa muziki, huvunja moyo. Koni yake inakwenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu, unaiona kwa macho yako, lakini besi haisikiki. Kinachotoka ni sauti nyembamba, kavu, na mdundo wenyewe haupo. Koni inaposukuma hewa ya mbele, papo hapo inaivuta hewa ya nyuma. Wimbi la sauti la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, kwa hiyo hewa iliyosukumwa ina nafasi tele ya kuzunguka ukingo wa spika na kujaza pengo lililoachwa upande wa pili. Zikikutana hivyo, mbele na nyuma hufutana. Kazi ya sanduku la sabufa ni kuzitenganisha hewa hizo mbili, na kazi hiyo, ambayo kwa maneno ni nyepesi, ndiyo iliyonifanya nikae siku kadhaa kwenye benchi la fundi mmoja wa Sugoi nikitazama mikono yake.

Wakenya wengi wanalijua jina la Sugoi kwa sababu ndiko nyumbani kwa Rais William Ruto. Kwa wenyeji ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, upande wa Turbo katika kaunti ya Uasin Gishu, ambako ardhi ya Eldoret iliyo mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari inaanza kushuka kuelekea magharibi. Karakana ya fundi ni banda la mabati lililo wazi upande mmoja. Riziki yake hasa ni milango, vitanda na makabati. Sabufa huja kwa oda, na mara nyingi huja na kijana mwenye spika mkononi na pesa kidogo mfukoni.

Safari hii kijana ni wa kinyozi. "Chamgei, mzee," anasema, na fundi anaitikia, "Chamgei mising," huku akipangusa mikono. Kijana ameleta spika iliyotolewa kwenye buti la gari kuukuu, amplifaya ya gari ya volti 12, na kisanduku cha umeme kilichotolewa ndani ya kompyuta iliyokufa, ambacho hutoa volti 12 hizohizo. Sabufa mpya ya dukani mjini Eldoret imemshinda bei. Anataka kitu kitakachovuta wateja kwenye kinyozi chake bila kumtia kwenye deni.

Fundi haanzi na ubao. Anaanza na spika, kwa sababu sanduku zuri haliokoi spika mbovu. Anaigeuza kwenye mwanga na kupitisha kidole kwenye mpira unaozunguka koni, akitafuta ufa. Kisha anaweka vidole vya mikono yote miwili kwenye koni, vimetawanyika sawasawa, anaisukuma chini taratibu na kuiachia. Sikio lake liko karibu. Koili ikiwa imepinda au imeungua itakwaruza sumaku, na mkwaruzo huo husikika kabla ya kuonekana. Anarudia mara kadhaa, akiisukuma kila mara kidogo zaidi. Kimya. Anapima ukinzani wa koili kwa mita ya umeme, inasoma omu 3.4, kipimo cha kawaida kwa spika inayoitwa ya omu 4. Mwisho anachukua betri ndogo ya volti 1.5 na kuigusisha kwenye ncha za spika. Koni inaruka mbele. Anatia alama nyekundu kwenye ncha iliyogusa upande chanya wa betri. Sasa anajua spika ni nzima na anajua nyaya zitakaa wapi, na bado hajatumia hata shilingi moja.

Nyuma ya sumaku kuna namba ya toleo. Kijana anaitafuta kwenye simu, anapata maelezo ya kiwanda, na fundi anayanakili kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Ujazo unaofaa ni lita 45 za hewa tupu, na mtetemo wa sanduku uwekwe hezi 40. Namba hiyo ya pili inamfurahisha. Waya mnene kuliko wote wa gitaa la besi lenye nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41 na kidogo. Sanduku lililowekwa hezi 40 litaubeba mguu wote wa wimbo hadi chini kabisa, na halitaombwa lifanye lisiloliweza.

Kisha anafanya hesabu ambayo mafundi wenye haraka huisahau. Spika yenyewe inakula nafasi ndani ya sanduku. Bomba la hewa linakula nafasi. Mihimili ya ndani inakula nafasi. Anavikadiria vyote kuwa lita 5 na ushei, anavijumlisha na zile 45, kisha anatafuta vipimo vitatu vya ndani vitakavyozaa jumla hiyo. Kimo sentimita 44, upana 34, kina 34: takriban lita 51. Anakagua kama spika yenye fremu ya sentimita 26 na bomba la sentimita 11 vitaenea kimoja juu ya kingine kwenye uso wa kimo cha 44. Vinaenea, na inabaki nafasi ya kupumua. Hapo ndipo anapopigia mstari.

Elimu iliyo ndani ya mistari hiyo ya penseli imesafiri mbali. Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika karne ya 19, alieleza jinsi hewa iliyo ndani ya chombo chenye shingo inavyotetemeka kwa sauti moja maalumu. Albert Thuras, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, alipewa hataza mwaka 1932 kwa sanduku la spika lenye tundu linaloirudisha sauti ya nyuma ili isaidiane na ya mbele. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia aliliwekea sanduku hilo hesabu kamili, na katika miaka ya 1970 Richard Small akaipanua, ndiyo maana leo kijana wa kinyozi anaweza kusoma kwenye simu lita ngapi spika yake inataka.

Lakini kuna elimu ya karibu zaidi. Wakalenjin wana kinubi kiitwacho chepkong'o, chenye bakuli lililowambwa ngozi; Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alikirekodi kwa Wakipsigis mwaka 1950. Bakuli lile lazima litetemeke, kwa sababu ndilo linalozipa nyuzi sauti na rangi. Sanduku la sabufa linatakiwa kuwa kinyume chake. Linabeba wimbo wa mtu mwingine, na kila mtetemo wa mbao zake ni neno lililoongezwa kwenye wimbo huo bila ruhusa. Bomba na koni viimbe, kuta zinyamaze. Ukishalielewa hilo, kila hatua ya fundi iliyobaki inaeleweka.

Uasin Gishu si mahali pabaya pa kutafutia mbao. Kiwanda cha RaiPly kiko Eldoret, na msitu wa Turbo ulipandwa misonobari na misaipresi kwa ajili ya kiwanda cha karatasi cha Webuye. Hata hivyo fundi hanunui ubao mzima. Kazi yote inahitaji chini ya mita moja ya mraba, na ubao wa futi 8 kwa 4 una karibu mita 3. Nyuma ya banda ameegemeza vipande vilivyobaki kwenye makabati ya wateja, na anavichagua kimoja kimoja. Chipubodi anaiweka kando. Pembe zake zinamomonyoka na skrubu haishiki. Plaiwudi ya milimita 12 ni nzuri kwa droo, lakini itapiga kelele. Anachotaka ni MDF ya milimita 18: nzito, laini, isiyo na mafundo wala mapengo ndani. Anagonga kila kipande kwa konzi, na kile kilicholowa pembeni kikavimba anakirudisha hata kama ukubwa wake unatosha.

Kuchora kunachukua muda kuliko kukata. Anatumia penseli kwa mstari wa kwanza, skwea ya chuma kuukagua, kisha ncha ya kisu kukata ngozi ya ubao juu ya mstari uleule, ili msumeno usiinyanyue. Meno ya msumeno wake wa umeme hula milimita 3, kwa hiyo anaacha nafasi hiyo kati ya kipande na kipande. Anakaza ubao mwembamba ulionyooka kando ya mstari uwe reli ya msumeno. Kabla ya kuwasha anafunga kitambaa kinene puani na kuisogeza meza nje, upepo ukitoka mgongoni mwake. Vumbi la MDF ni laini sana na lina gundi ya kiwandani ndani yake, na fundi aliyekusudia kuzeeka na kazi yake haliingizi kifuani.

Vipande ni sita: viwili vya mbele na nyuma, sentimita 47.6 kwa 37.6, viwili vya juu na chini, 37.6 kwa 34. Viwili vya ubavuni, 44 kwa 34. Kila kimoja amekikata kikiwa na ziada ya milimita moja. Sasa anavibana viwili viwili kwenye jiliwa, pacha na pacha wake, na kupitisha randa juu ya kingo zote mbili kwa pamoja hadi alama ya kisu inapotoweka. Tepu inaweza kusomwa vibaya, lakini mbao mbili zilizorandwa pamoja haziwezi kutofautiana. Maranda membamba yanaanguka miguuni, na hakuna anachokisema.

Duara la spika linahitaji bikari kubwa kuliko ya mkoba wa shule. Anaitengeneza kwa fito ya plaiwudi: msumari mwembamba upande mmoja, tundu la penseli upande wa pili, sentimita 11.65 katikati yake. Tundu la spika litakuwa na kipenyo cha sentimita 23.3. Anachora, anatoboa tundu dogo ndani ya mstari kwa keekee, anaingiza msumeno mwembamba wa mkono na kuanza kuzunguka, akiuacha mstari nje kwa milimita mbili. Msumeno wa umeme wa kukatia miviringo ungemaliza mapema, lakini wake umeharibika na hajapata vipuri, na huu wa mkono anauamini kwenye kona. Mviringo unapoanguka, anachukua tupa ya nusu duara na kuzila zile milimita mbili pole pole, akigeuza ubao badala ya kugeuza mkono. Anaijaribu spika. Haiingii. Anapiga tupa mara tatu mahali ambapo fremu imeacha alama, anajaribu tena, na spika inakaa kwa uzito wake wenyewe, bila kulazimishwa na bila kucheza.

Kabla ya gundi, sanduku lote linapangwa kavu. Fundi anatoboa matundu ya skrubu kila baada ya sentimita 7, kwanza tundu jembamba la milimita 3, kisha anapanua mdomo wake ili kichwa cha skrubu kizame. Ukingo wa MDF hupasuka skrubu ikiingizwa bila njia. Anafunga, anatazama kila kiungo dhidi ya mwanga wa mlangoni, na panapopenya mwanga anaweka alama ya penseli. Anafungua, anaranda mahali hapo, anafunga tena. Mwanga usipopenya tena ndipo anapofungua mara ya mwisho na kufikia mkebe wa gundi nyeupe ya mbao.

Gundi anaipaka mara mbili. Ukingo wa MDF una kiu. Mkupuo wa kwanza unazama wote. Anausubiri unywewe, kisha anapaka wa pili, mstari mnene uliosambazwa kwa kijiti hadi pembeni. Anaunganisha chini na ubavu, ubavu wa pili, juu, kisha ubao wa nyuma. Skrubu zinavuta. Kwa kuwa vibano vya chuma ni viwili tu, anazungusha kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu ya gurudumu, anazivuta kwa nguvu zake zote na kuzifunga. Tone jembamba la gundi linachungulia kwenye kila kiungo, kutoka pembe hadi pembe, na fundi anatikisa kichwa kukubali. Pasipotoka tone, hapakufika gundi.

Sasa anapima mishazari. Kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia: sentimita 60.9. Ile nyingine: 60.5. Sanduku limeinama kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona. Anaweka kibano kwenye mshazari mrefu, anakaza robo mzunguko, anapima, anakaza tena kidogo. Zote mbili zinasoma 60.7. Anakiacha kibano hapo.

"Mzee, si tungefunga mbele leo tumalize?" kijana anauliza.

"Gundi haijui haraka yako, kijana wangu," fundi anamjibu, akifuta tone kwa kitambaa chenye unyevu.

Hamfanyii ukali, anamweleza. Nyanda hizi usiku ni baridi, na gundi ya namna hii hukauka kwa uvivu baridi ikizidi. Msimu wa mvua hewa yenyewe inabeba maji. Kwa hiyo jioni sanduku linabebwa ndani, linalala upande wa pili wa ukuta wa jikoni ambako joto la moto linafika bila moshi, na litakaa huko hadi kesho yake mchana. Kijana anarudi kinyozi. Ukiangalia kwa mbali utadhani kazi imesimama.

Kesho yake fundi anaingiza kichwa na taa ndani ya sanduku. Amelichekecha vumbi la mbao kwenye chujio la chai na kulichanganya na gundi hadi limekuwa uji mzito, na uji huo anaupaka kwa kidole kwenye kila kona ya ndani, akiuvuta kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukikauka utanywea na kuacha mistari midogo, kwa hiyo atarudia. Besi inasukuma hewa kwa nguvu, na hewa hupata kila mwanya. Mwanya mdogo hupiga mluzi na kuiibia spika kazi yake.

Wakati mkupuo wa kwanza unakauka anakata mihimili ya msaipresi. Mmoja unasimama kati ya ubavu na ubavu, mwingine kati ya juu na chini, na kila mmoja umekatwa uingie kwa kubanwa kidogo. Anagonga ukuta kabla ya kuweka mhimili: unajibu kwa sauti ya ngoma. Anauweka, anagonga palepale: sauti imefupika, imekuwa kishindo butu. Ndicho alichokuwa akikitafuta. Kuta za ndani anazitandika pamba ya mto wa zamani, tabaka la vidole viwili, lililoshikizwa vizuri ili lisije likavutwa na kuziba njia ya hewa.

Njia hiyo ni bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji machafu, lililobaki kwenye ujenzi wa mtu. Kulikata kwa mstari ulionyooka ni mtihani, kwani msumeno hupenda kuteleza juu ya mviringo. Fundi anachukua karatasi yenye ukingo ulionyooka, anaizungusha kwenye bomba hadi ncha zake zikutane sawasawa, na kuchora kando yake. Mstari umefunga mduara bila kosa. Anakata kwa msumeno wa chuma, akigeuza bomba kila baada ya mikato michache.

Kisha linakuja jambo lililonifanya nisogeze kiti. Mdomo wa bomba ukiwa mkali, hewa inayotoka na kuingia kwa kasi hukatika pale ukingoni na kufoka. Mabomba yenye mdomo uliopanuka huuzwa, ila kwa bei. Fundi anawasha jiko la makaa nje, anauzungusha mdomo wa bomba juu ya joto, mbali na makaa, bila kusimamisha mkono. Plastiki ikianza kung'aa na kulegea, analisimamisha bomba juu ya bakuli la chuma lililofudikizwa na kulikandamiza kwa uzito wa mwili wake. Mdomo unafunguka na kukunjika nje taratibu. Anahesabu kimya hadi plastiki ipoe, analiinua, na mdomo umebaki hivyo. Plastiki haikubadilika rangi. Ingeungua ingetoa moshi wa sumu na kuwa dhaifu, na tofauti kati ya kulainika na kuungua ni sekunde chache ambazo mkono wake unazijua.

Urefu wa bomba ndio unaoamua sanduku litetemeke kwenye hezi ngapi. Hesabu ya kijana kwenye simu inasema sentimita 25.4. Fundi amelikata 29. Bomba refu linaweza kufupishwa, fupi halirefuki. Anafunga ubao wa mbele kwa skrubu bila gundi, anaweka spika, anachomeka bomba likibanwa na utepe, na kulilaza sanduku chali, koni ikitazama mbingu. Simu ya kijana inatoa mlio mmoja, ikipanda na kushuka hezi moja moja. Fundi anadondosha punje chache za wimbi katikati ya koni.

Hezi 50, punje zinaruka. Hezi 45, zinaruka kidogo. Hezi 38, zimetulia karibu kabisa, na mkono ukiwekwa kwenye mdomo wa bomba unapigwa na upepo. Hezi 32, zinaanza kuruka tena. Pale koni inapotulia huku sauti ikitoka ndipo ulipo mtetemo wa sanduku: hewa ya bomba imechukua kazi, na koni inapumzika. Ni hezi 38, na lengo ni 40. Fundi anachomoa bomba, anakata kidogo upande wa ndani, anarudisha. Anasubiri kijana arudie milio yote tangu juu. Anachomoa tena. Kila sentimita mbili zinapandisha karibu hezi moja. Punje zinapotulia kwenye 40, anapima bomba: sentimita 25 na nusu. Simu na punje zimekubaliana. Upande wa ndani, kati ya mwisho wa bomba na ubao wa nyuma, kumebaki zaidi ya sentimita 10, upana wa bomba lenyewe, kwa hiyo hewa haitasongwa.

Ndipo ubao wa mbele unapotiwa gundi, na kusubiri kunaanza upya.

Yaliyobaki yanaonekana ya urembo, lakini fundi hayakimbizi. Anajaza matundu ya skrubu kwa puti na kupiga msasa, namba 80 kwanza, kisha 120, kisha 240, akiukunja juu ya kibao ili pembe zisiliwe. Kingo za MDF anazipaka gundi iliyochanganywa na maji, kwa sababu zisipozibwa zitakunywa rangi na kuvimba zikiguswa na maji ya deki ya kinyozi. Rangi ni nyeusi isiyong'aa, iliyobaki kwenye lango la mtu. Mikupuo miwili, na msasa mwepesi katikati.

Spika anaikalisha juu ya utepe wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ileile, ili hewa isipite chini ya fremu. Nyaya anazilehemu, nyekundu kwenye alama aliyoitia siku ya kwanza, na tundu la waya analijaza gundi hadi lifumbe. Skrubu nane za spika anazikaza kwa kuvuka, moja juu na ya pili chini yake, kama nati za gurudumu, kila moja kidogo kidogo hadi fremu yote iwe imekaa kwa uzito mmoja.

Anaziba mdomo wa bomba kwa kiganja na kuisukuma koni kwa upole. Inaukinza mkono. Hewa haina pa kutokea. Bado haamini. Kijana anacheza mlio wa chini, na fundi anachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha ya pili akiitembeza kando ya kila kiungo. Anazunguka sanduku zima. Pembe ya nyuma anairudia, anasikiliza kwa muda, anainuka. "Sawa," anasema. Ni neno la kwanza tangu mlio uanze.

Kichujio cha amplifaya anakiweka kwenye hezi 80, ili sabufa ishughulikie chini tu na kuiachia redio ya kinyozi sauti za waimbaji. Wimbo wa kwanza ni wa dini, kwa sauti ndogo. Besi inaingia na huwezi kusema imetoka wapi. Ipo tu chumbani, chini ya miguu ya waimbaji. Fundi hatazami koni. Ameweka kiganja ubavuni mwa sanduku. Anamwita kijana aweke chake, halafu ananiita na mimi. Meza inatetemeka, kioo cha dirisha kinatetemeka, na ule ubao wenye muziki wote ndani yake umetulia. Anamwonya kijana kuhusu jirani, na kwamba kelele za kupita kiasi zimewekewa kanuni nchini tangu 2009. Anamwambia pia asiliweke sanduku juu ya rafu bali sakafuni karibu na kona, kwa kuwa kuta mbili na sakafu zitamwongezea besi bila kumwongezea bili ya umeme.

Kabla ya kulitoa, analigeuza na kuandika chini yake kwa penseli: lita 45, hezi 40, bomba sentimita 25 na nusu. Spika itakufa siku moja, anasema, na atakayeleta nyingine ajue alichokikuta.

Tumezoea kusema kitu ni cha bei nafuu kana kwamba tumeshataja ubora wake. Kwenye benchi hili karibu kila kitu kilikuwa mabaki: mabaki ya kabati, ya lango, ya bomba, ya mto, ya tyubu, ya kompyuta. Kilichokuwa kipya ni gundi, skrubu na msasa. Pengo kati ya mabaki hayo na sanduku lisilovuja limezibwa na kitu kimoja, nacho ni muda wa mtu anayejua anachokisubiri. Milimita moja iliyoachwa kwenye msumeno, usiku mmoja wa gundi, mkupuo wa pili wa gundi pembeni, sentimita tatu na nusu za bomba zilizokatwa kwa awamu: hakuna hata kimoja kinachoonekana kwa mtu anayeingia kunyolewa. Ndiyo maana ni rahisi kwa mteja kupatana bei ya mbao na kuusahau muda. Ukienda kwa fundi wa namna hii, mkadirie vifaa, halafu mlipe na zile saa ambazo ulidhani hafanyi kitu.